Kosa Linapoonekana na Kosa Linapozaliwa: Somo la Isimu Kutoka Faili la Heda

Utangulizi

Makala haya yanahusu alama moja ya uandishi, nukta-mkato, iliyokosekana katika faili lenye mistari 10, na siku mbili ambazo mimi na mwenzangu tulizipoteza kwa kuitafuta mahali ambapo haikuhitajika. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jambo la kompyuta liletwe katika jarida la wanafunzi wa lugha. Sababu ni mbili. Kwanza, wengi wetu sasa tunaandika programu ndogo za kuhesabu maneno, viambishi au sauti katika data zetu, na wengi huacha kazi pale ujumbe wa kwanza wa kosa unapotokea kwenye skrini. Pili, ujumbe ule ni tukio la lugha. Kuna mwandishi, kuna matini, kuna msomaji aliyeshindwa kuendelea.

Hoja yangu ni moja. Ujumbe wa kosa huonyesha mahali msomaji alipokwama. Hauonyeshi mahali mwandishi alipokosea. Mahali hapo pawili paweza kuwa katika mafaili mawili tofauti, yaliyoandikwa na watu wawili tofauti. Asiyelijua hilo humlaumu asiyehusika, kama nilivyofanya mimi.

Msomaji asiyejua lugha ya C asiogope. Nitaeleza kila alama ninayoitumia, na hakuna mfano utakaozidi mistari 10.

Kazi tuliyokuwa tukiifanya

Tulikuwa tunachunguza upatanisho wa kisarufi katika mazungumzo ya kila siku tuliyoyarekodi hapa Keshero. Tangu kazi za Wilhelm Bleek na baadaye Carl Meinhof, ngeli za lugha za Kibantu hupewa namba, ili mtafiti wa Kinande, wa Mashi na wa Kiswahili waweze kuzungumza juu ya kitu kimoja bila kupotezana. Kwa hesabu hiyo, Kiswahili sanifu hakina ngeli ya 12 na ya 13, zile za ka- na tu- za kudunisha. Kinasema kitoto na vitoto. Kiswahili chetu cha Goma kinazo. Mtu akipita asubuhi katika vichochoro vya Keshero, kati ya kuta za mawe meusi ya volkano, atasikia katoto kanalia, tutoto tunalia, na hakuna anayegeuka kushangaa.

Programu yetu ilikuwa rahisi. Inasoma sentensi iliyonukuliwa, inatenga kiambishi cha nomino na kiambishi cha kitenzi, kisha inavilinganisha na jedwali la ngeli. Vikikubaliana, inaendelea, visipokubaliana, inaweka alama ya kuuliza kando ya kitenzi. Jedwali la kwanza nililinakili kutoka sarufi ya Kiswahili sanifu, ngeli 16. Matokeo yake ni kwamba kila tutoto tunalia ilipata alama ya kuuliza, maana programu iliisoma tu- ya kitenzi kuwa ni ya nafsi ya kwanza wingi, yaani sisi. Ni kana kwamba mama aliyesema maneno hayo alichanganya watoto na nafsi yake. Mama hakukosea chochote. Jedwali ndilo lililopungukiwa.

Tukakubaliana kuongeza safu mbili, za ngeli ya 12 na ya 13. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Mafaili matatu

Mwenzangu, aliyesoma ufundi wa kompyuta kabla ya kuhamia isimu, ndiye aliyeandika sehemu ya kuhesabu. Mimi niliandika sehemu ya ngeli. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell Labs nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni desturi kuweka matangazo ya pamoja katika faili maalumu liitwalo heda. Heda haifanyi kazi yenyewe. Ni kama orodha ya wahusika mwanzoni mwa tamthilia: inamwambia msomaji nani atatokea na ana sura gani. Majina ya mafaili haya huishia na .h.

Heda yangu iliitwa ngeli.h. Hapo awali ilieleza umbo la ngeli moja, na palepale ikatengeneza jedwali la ngeli 16:

struct ngeli {
    int namba;
    char kiambishi[8];
    char upatanisho[8];
} jedwali[16];

Neno struct hutangaza umbo jipya lenye sehemu kadhaa. Hapa umbo linaitwa ngeli, nalo lina namba, kiambishi cha nomino na kiambishi cha upatanisho. Kilichoandikwa baada ya bano la kufunga ni jina la kitu chenye umbo hilo: jedwali, lenye nafasi 16.

Mwenzangu alinishauri nisiweke jedwali lenyewe ndani ya heda. Kila faili linaloiita heda hutengeneza jedwali lake, na mwishoni, wakati wa kuunganisha vipande vyote kuwa programu moja, huweza kutokea ugomvi wa majedwali mawili yenye jina moja. Ushauri ulikuwa sahihi. Usiku nikaihamisha orodha yote, sasa ikiwa na ngeli 18, katika faili jingine, kisha nikafuta jina la jedwali kutoka kwenye heda. Heda ikabaki hivi:

#ifndef NGELI_H
#define NGELI_H

struct ngeli {
    int namba;
    char kiambishi[8];
    char upatanisho[8];
}

#endif

Mistari miwili ya juu na ule wa mwisho huizuia heda isisomwe mara mbili. Msomaji makini ameshaona kilichopungua. Mimi sikukiona, nami nilikuwa nimekifuta kwa mkono wangu.

Ulalamiko wa mstari wa nne

Faili kuu, kuu.c, lilianza hivi:

#include <stdio.h>
#include "ngeli.h"
#include "hesabu.h"

int main(void)

Heda ya mwenzangu, hesabu.h, ilikuwa na tangazo moja tu, kwenye mstari wa nne:

int hesabu_ngeli(const char *neno);

Nilipoipa kompaila kazi hiyo, ilinijibu kwa mstari huu:

hesabu.h:4:1: error: expected ';', identifier or '(' before 'int'

Kwa Kiswahili: katika faili hesabu.h, mstari wa 4, herufi ya 1, kuna kosa. Nilitazamia nukta-mkato, au jina, au bano la kufungua, kabla ya neno int. Kompaila tuliyoitumia ni GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa mara ya kwanza mwaka 1987; kompaila nyingine, au toleo jingine, linaweza kulisema jambo hilo kwa maneno tofauti.

Ujumbe ulitaja faili. Faili lilikuwa la mwenzangu. Ulitaja mstari, na mstari huo ulikuwa na maneno yake. Sikufikiri zaidi. Nikampigia simu.

“Yaya, faili yako iko na kosa, mustari ya ine.”

“Faili yangu? Sikugusaka ile faili tangu siku ya Mungu, mdogo wangu. Na hapa kwangu inapita.”

Kwake ilipita kweli. Lakini nilikuwa na ujumbe mbele ya macho yangu, umeandikwa na mashine isiyokuwa na upendeleo, nami nikausoma kana kwamba ni hukumu. Kwa kuwa ni mkubwa wangu na ana subira, alilifuta tangazo lake akaliandika upya. Ulalamiko ukabaki. Akabadili jina la hesabu_ngeli akidhani linagongana na jina jingine. Ukabaki. Siku ya pili aliandika upya faili zima la hesabu, kazi iliyokuwa nzima tangu mwanzo, na umeme ulipokatika akaendelea kwa betri hadi ikaisha. Tulikuwa tumebakiza siku chache kabla ya kuwasilisha matokeo ya awali katika semina, na hatukuwa na tokeo hata moja la kuonyesha.

Kompaila inasomaje?

Ili kuelewa kosa langu, ni lazima kuelewa namna msomaji huyu anavyosoma.

Hatua ya kwanza si kusoma bali ni kunakili. Kila mahali palipoandikwa #include, sehemu iitwayo priprosesa huondoa mstari huo na kuweka maandishi yote ya faili lililotajwa. Baada ya kazi hiyo hakuna tena ngeli.h wala hesabu.h, kuna matini moja ndefu isiyo na kuta. Kilichobaki ni alama za pembeni tu, zinazokumbusha kila mstari ulitoka faili gani. Kwetu sisi, mwisho wa faili ni mpaka: tunafunga daftari moja, tunafungua jingine. Kwa kompaila, mwisho wa faili la heda si kituo, wala si mwisho wa sentensi. Sentensi iliyoanza katika faili langu inaweza kuendelea katika faili la mtu mwingine.

Hatua ya pili ni kusoma matini hiyo kutoka kushoto kwenda kulia, neno kwa neno, na katika kila hatua kujiuliza: kwa sarufi ya lugha hii, ni nini kinaruhusiwa kufuata? Kompaila hailalamiki maadamu neno linalofuata lina nafasi katika sarufi. Inalalamika pale tu inapokuta neno ambalo haliwezi kufuata kwa njia yoyote.

Sasa tuangalie bano la kufunga katika ngeli.h. Baada ya bano hilo, sarufi ya C inaruhusu mambo kadhaa. Inaruhusu nukta-mkato, yaani tangazo limekwisha. Inaruhusu pia jina, kama lile jedwali nililolifuta, yaani tengeneza kitu chenye umbo hili. Kwa hiyo kompaila ilipofika kwenye bano na kutoona nukta-mkato, haikuona kosa. Iliona sentensi ambayo bado inaendelea. Nilipofuta jina jedwali[16] nilifuta pamoja nalo nukta-mkato iliyokuwa imekaa nyuma yake, na kiti cha lile jina kikabaki wazi kikingojea mtu. Kompaila ikavuka mistari mitupu, ikavuka mwisho wa faili langu, ikaingia faili la mwenzangu, na neno la kwanza lililokuja kuketi lilikuwa int. Neno int si jina, ni aina. Haliwezi kukaa hapo. Ndipo ikasema: nilitazamia nukta-mkato, jina, au bano, kabla ya int.

Tukiusoma ujumbe ule sasa, hauna uongo hata kidogo. Haukusema int ni kosa. Ulisema kuna kitu kilitazamiwa kabla ya int. Mimi nilisoma anwani, sikusoma neno kabla.

Mtu aweza kuuliza kwa nini C inadai nukta-mkato baada ya bano la struct na haiidai baada ya bano linalofunga mwili wa kazi kama main. Jibu ni hilohilo: baada ya mwili wa kazi hakuna kinachoweza kuongezwa, hivyo bano lenyewe latosha kuwa kituo. Baada ya umbo la struct majina yanaweza kufuata, hivyo ni lazima mwandishi aseme wapi anakomea. Lugha nyingine zimechagua njia tofauti. Katika Pascal, iliyobuniwa na Niklaus Wirth mwaka 1970, nukta-mkato hutenganisha kauli mbili. Katika C hufunga kauli. Tofauti ya kitenganishi na kifungio inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyotugharimu siku mbili.

Msikilizaji wa Kiswahili

Jambo hili si geni kwetu. Mwanaisimu nafsia Thomas Bever alionyesha mwaka 1970 kuwa msikilizaji wa lugha ya binadamu hangoji sentensi iishe ndipo aielewe. Huijenga hatua kwa hatua, na wakati mwingine hupotea njia bila kujua, mpaka neno la mbele limgutue. Mfano wa Kiswahili ni huu. Mzungumzaji anataka kusema kuwa mwalimu ndiye aliyechelewa, lakini ulimi unateleza:

Mwalimu wa watoto waliochelewa ameomba radhi kwa kuchelewa kwake.

Mteleko uko kwenye waliochelewa; alitaka kusema aliyechelewa. Lakini hakuna msikilizaji atakayekunja uso pale, kwa sababu watoto waliochelewa ni kirai halali kabisa. Anaendelea kusikiliza kwa amani, anapita ameomba, anapita radhi, mpaka anafika kuchelewa kwake. Hapo anasita. Waliochelewa si watoto? Mbona tena ni yeye? Akiulizwa kosa liko wapi, ataonyesha neno la mwisho, kwa kuwa ndipo alipokwama. Neno hilo halina kosa. Kosa lilizaliwa nyuma, mahali ambapo lilivaa nguo za usahihi.

Sharti la kosa la namna hii ni kwamba kile kilichoandikwa kimakosa kiwe halali mahali pake. Kosa lisilo halali hukamatwa papo hapo. Kosa lililo halali husafiri, na kadiri sarufi inavyoruhusu njia nyingi baada ya neno fulani, ndivyo kosa linavyoweza kusafiri mbali.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya wasomaji hawa wawili. Binadamu akikwama hurudi nyuma, hukisia alichokusudia mwenzake, na mara nyingi husahihisha kichwani bila hata kusema. Kompaila hutaja mahali ilipo na yale iliyoyatazamia, basi. Kazi ya kurudi nyuma imeachiwa sisi.

Jaribio lililotutoa

Aliyetutoa ni mwenzangu. Jioni ya pili alikuja nyumbani, akaketi mbele ya skrini yangu, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza.

“Kama faili yangu ndiyo mubaya, tukiiweka mbele, kosa itaifuata. Badilisha, tuone.”

Nikabadilisha mistari miwili katika kuu.c, hesabu.h ikatangulia na ngeli.h ikafuata. Tukaita kompaila. Ulalamiko ulikuwa uleule, neno kwa neno, ila anwani ilibadilika: sasa ulitaja kuu.c, mstari wa 5, int main(void). Faili la mwenzangu lilisomwa lote bila neno.

Hakunisema. Alingoja tu. Tukaihamisha ngeli.h juu kabisa, kabla ya stdio.h, ambayo ni heda ya mfumo wenyewe, inayotumiwa na karibu kila programu ya C duniani. Ulalamiko ukahamia ndani ya mafaili ya mfumo, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuandika herufi. Kama ningeanza na mpangilio huo, pengine ningeamini kuwa kompyuta yangu imeharibika na ningeanza kuweka mfumo upya.

Kosa lililohama mara mbili lilikuwa na tabia moja isiyobadilika: kila mara lilitua kwenye neno la kwanza baada ya ngeli.h. Wanaisimu tunaijua mbinu hii. Tunapotaka kujua mabadiliko ya sauti yanasababishwa na nini, tunabadilisha mazingira na kutazama nini kinabaki. Kilichobaki kilikuwa faili langu.

Ushahidi wa mwisho tuliupata kwa kuiomba GCC itoe matini baada ya kazi ya priprosesa na kabla ya kusoma, kwa amri gcc -E -P kuu.c. Ilitoka mistari mingi ya stdio.h, na baada yake hii:

struct ngeli {
    int namba;
    char kiambishi[8];
    char upatanisho[8];
}
int hesabu_ngeli(const char *neno);

Bila ukuta wa mafaili, jicho liliona mara moja. Bano la kufunga, halafu int. Niliongeza nukta-mkato moja baada ya bano, na programu ikapita. Kwa mwenzangu ilikuwa ikipita siku zote kwa sababu kompyuta yake bado ilikuwa na ngeli.h ya zamani.

Hatua za kufuata

Kwa mwanafunzi atakayekutana na ujumbe kama huu, napendekeza utaratibu ufuatao.

Kwanza, soma ujumbe wote, hasa maneno kabla na baada. Yanaonyesha upande ambao kosa linaweza kuwa. Ukisoma “kabla ya”, anza kutazama nyuma, na uwe tayari kuvuka mpaka wa faili.

Pili, kama malalamiko ni mengi, shughulika na lile la kwanza tu, kisha ita kompaila tena. Mengine mara nyingi ni mwangwi wa lile la kwanza.

Tatu, jiulize nini kilibadilika mara ya mwisho, na nani alikibadilisha. Mimi nilijua vizuri kuwa faili la mwenzangu halikuguswa na kuwa langu liliguswa usiku uleule. Habari hiyo ilikuwa na uzito kuliko anwani iliyotajwa na mashine, nami niliipuuza.

Nne, badilisha mpangilio wa heda. Kosa likibaki katika faili lilelile, kuna uwezekano mkubwa ni la faili hilo. Likihama, tafuta kilichotangulia mahali linapotua.

Tano, ipe kompaila heda peke yake, kwa amri gcc -fsyntax-only ngeli.h. Heda nzuri inapaswa kusimama bila kuegemea jirani. Yangu ilipoitwa peke yake, ulalamiko ulikuja mwishoni mwa faili hilohilo: matini yameisha na sentensi bado. Jaribio hilo lisingechukua hata dakika moja, na lingemwokoa mtu siku mbili za kazi.

Sita, ikishindikana, tazama matini kamili kwa gcc -E, usome kama kompaila inavyosoma.

Kurudi kwenye data

Pit Corder, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu makosa ya wanaojifunza lugha, alitufundisha kulichukulia kosa kama ushahidi wa mfumo uliomo kichwani mwa msemaji. Nilikuwa nimesoma hayo na kuyajibu katika mtihani. Lakini baada ya kisa hiki tulifungua upya nukuu zetu na kutazama alama zote za kuuliza ambazo programu ilikuwa imeweka, na hapo niliona kuwa sikuwa nimeyaelewa.

Chukua sentensi ya kawaida ya mtaani kwetu:

Kitabu ya mwalimu ilianguka.

Programu iliweka alama kwenye ilianguka, kwa kuwa jedwali lilitazamia kilianguka. Katika rasimu yetu ya kwanza tulikuwa tumeandika kuwa msemaji “hukosea upatanisho wa kitenzi”. Tukiisoma sentensi hiyo kwa utaratibu, njia yake iliachana na ya Kiswahili sanifu mapema zaidi, kwenye ya. Tangu hapo msemaji alifuata njia moja bila kuyumba: ya, kisha i-. Kitenzi kinapatana vizuri na kile kilichokitangulia. Alama ya kuuliza ilikaa mahali ambapo programu yetu ilikwama, nasi tukaigeuza kuwa hukumu juu ya mtu aliyekubali kurekodiwa kwa hisani yake.

Ni kosa lilelile nililomfanyia mwenzangu, tena hapa ni zito zaidi. Mwenzangu aliweza kujibu kwamba hakuligusa faili lake. Mama wa Keshero ambaye sentensi yake imeandikwa kwenye jedwali la matokeo hana nafasi ya kujibu. Tukiandika kwamba anakosea, ndivyo itakavyosomwa na atakayetufuata.

Tumeibadilisha programu. Sasa haiangalii kitenzi peke yake. Inaonyesha neno la kwanza ambapo sentensi inaachana na jedwali, kisha inaeleza kama maneno yanayofuata yanakubaliana na neno hilo au la. Na safu tuliyokuwa tumeiita “makosa” tumeipa jina jipya: “mahali programu ilipokwama”. Jina ni refu, lakini ni la kweli.

Hitimisho

Semina tuliiwasilisha kwa wakati, tukiwa na matokeo machache kuliko tulivyokusudia. Katika ukurasa wa kwanza niliandika kuwa faili la hesabu lilikuwa zima tangu mwanzo na kuwa kosa lilikuwa katika ngeli.h. Mwenzangu alisema haikuwa lazima. Nilimjibu kuwa nilimlaumu mbele ya wenzetu wawili, hivyo ni haki wenzetu wote wasome kosa lilikuwa la nani.

Kwa wasomaji wa jarida hili nabakiza swali moja la kujiuliza kila tunapoweka alama nyekundu, iwe kwenye insha ya mwanafunzi, kwenye nukuu ya mazungumzo au kwenye msimbo wa mwenzetu: je, hapa ndipo alipokosea, au hapa ndipo mimi niliposhindwa kuendelea? Kabla ya kujibu, turudi nyuma mistari michache. Mara nyingine itatubidi turudi hadi kwenye faili letu wenyewe.